Asilimia ya mashine sio ushahidi: nilichowaambia vijana wanaoomba vyuo vya nje

(Wengi mliokosa nafasi ukumbini mmeniomba niiandike hii hotuba, kwaiyo nimeiandika kama nilivyoiongea, msinihukumu kwa mpangilio.)

Wazazi wangu shikamooni, walimu wenzangu habari za asubuhi, na nyie vijana mliomaliza kidato cha sita mambo vipi. Niliombwa nizungumzie namna ya kuandika esei za kuomba vyuo na skolashipu za nje, na nitazungumzia, ila kuna kitu kimeingia hapo katikati ambacho nikikiruka nitakuwa sijawatendea haki. Siku hizi vijana wakinifuata hawaniulizi tena "ticha niandike nini", wananiuliza "ticha, nikiandika mwenyewe alafu wakasema ni AI, nafanyaje?" Yaani AI, akili mnemba, hizi programu zinazokuandikia kila kitu. Mtoto anaogopa kuandika vizuri jamani. Kuna mmoja aliniuliza kabisa kama aweke makosa ya makusudi ya grama ili aonekane binadamu. Hilo swali limenikera, sio yeye, limenikera kwa sababu kuna watu wazima mahali fulani wamemfikisha hapo.

Tuanze na kwa nini hii esei inatusumbua sisi kuliko wengine. Hapa kwetu Tanzania ukiomba chuo, kinachoangaliwa ni matokeo. Ufaulu wako wa NECTA, kombi yako, vigezo vya TCU, basi. Kenya nao ni hivohivo, KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, inaangalia gredi za KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, umepitia nini, kitu gani kilikufanya ukaipenda kemia. Alafu ghafla unafungua fomu ya Common App ya Marekani, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, unaambiwa jieleze kwa maneno yasiyozidi 650, au UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, wanakupa herufi 4,000, ambazo kuanzia wanaoingia chuo 2026 wamezigawa kwenye maswali matatu. Ni aina ya uandishi ambayo hujafundishwa hata siku moja darasani, na kwa lugha ambayo umeisoma zaidi kwenye vitabu kuliko kuiongea nyumbani.

Na hiyo esei imepanda uzito. Novemba 30, 2022 ChatGPT ikatoka, programu ya AI inayokuandikia chochote ukiiomba. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili, lakini Jaji Mkuu Roberts akaandika kwamba mwombaji bado anaruhusiwa kueleza jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, na mahali pa kueleza hayo ni wapi kama sio kwenye esei? Kwaiyo ndani ya miezi saba esei ikawa na uzito zaidi na wakati huohuo ikawa rahisi kughushi kuliko wakati wowote. Vyuo vikachanganyikiwa. Chuo cha sheria cha Michigan kikasema marufuku kutumia ChatGPT, chuo cha sheria cha Arizona State kikasema ruksa ila useme ukweli, vyote mwaka huohuo 2023. Common App wakaingiza AI kwenye kanuni yao ya udanganyifu. Chuo cha Duke wao wakaacha kabisa kuipa esei alama za namba. Hao ni watu wenye pesa na wataalamu, na hawakukubaliana.

Sasa katikati ya huo mchanganyiko ndio zikaingia hizi programu za kukagua kama maandishi ni ya AI, tuziite ditekta. Unaweka maandishi, inakwambia asilimia 15, asilimia 90. Na namba ikishatoka kwenye skrini mtu anaiamini kama majibu ya maabara. Nataka leo mtoke hapa mkijua hiyo namba inatoka wapi, maana ukishajua, hutaiogopa kijinga na wala hutaitumia kumhukumu mtoto wa mwenzako.

Nisaidieni. Haraka haraka haina... (ukumbi mzima: "baraka!") Mmeona, mmesema wote kwa pamoja. Haya, jana mama alikwenda sokoni akanunua... (hapo kila mtu akasema lake, nikasikia nyanya, dagaa, kuna aliyesema kitenge.) Basi hicho ndicho ditekta inachopima, kwa sehemu kubwa. Inapita neno kwa neno inajiuliza, je hili neno nilikuwa nalitegemea? Kama maneno mengi yanatabirika, na sentensi zina urefu wa kufanana fanana, inasema hii ni mashine, kwa sababu mashine inaandika kwa kuchagua maneno yanayotabirika. Kama maneno yanashtua shtua, inasema ni mtu. Haikuona ukiandika. Haina daftari la kila kitu ChatGPT ilichowahi kumwandikia mtu. Inabashiri.

Na hapa naomba walimu mnisikilize vizuri kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Ile kazi ya zamani ya programu ya Turnitin, ya kuonyesha kwamba mwanafunzi amekopi, inakuletea chanzo, inakwambia aya hii imetoka kwenye makala fulani, unafungua unaangalia mwenyewe kwa macho yako. Mtoto akibisha mnaweka maandishi mawili mezani mnalinganisha. Kwenye AI hakuna maandishi ya pili ya kuweka mezani. Ni namba tupu. Mtoto akikwambia "nimeandika mwenyewe", wewe huna kitu cha kumwonyesha, na yeye hana namna ya kuikanusha. Kesi ambayo mshtaki hana ushahidi na mshtakiwa hana utetezi sio kesi, hata kwenye baraza la kata wangeitupa.

Sasa jiulize, nani anaandika Kiingereza kinachotabirika? Aliyekisoma darasani! Tangu kidato cha kwanza tunawaambia anza aya na firstly, ingia na moreover, malizia na in conclusion, usijaribu neno usilolijua utapoteza maksi. Mtoto mtiifu akaandika hivohivo kwa miaka sita na akapata A. Leo utiifu wake unaonekana ni uroboti.

Na hili sio hisia zangu. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha Stanford walichukua ditekta 7 wakazipa esei 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza. Kwa wastani asilimia 61 hivi ya hizo esei zikaitwa za AI. Esei 18 zilinaswa na ditekta zote saba, na 89 kati ya 91 zilinaswa na angalau moja. Esei za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane zenyewe zikapita karibu zote bila shida. Alafu wakafanya kitu ambacho mimi nikisoma nilisimama kwanza, waliichukua ChatGPT wakaiambia zipambe hizi esei za TOEFL, ziwe na msamiati kama wa mzawa, wakazirudisha kwenye ditekta, na kiwango cha kunaswa kikashuka mpaka karibu asilimia 12. Yaani aliyeandika kwa jasho lake ananaswa, aliyepeleka kwa mashine ikamrembea anapita. Kifaa kinachofanya hivo kinawakamata waaminifu wasiokuwa na lugha ya kujipamba.

Kampuni zinasema zimeboresha tangu hapo, na sikatai, zipo zilizoboresha. Lakini kumbukeni OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa ditekta yao Januari 2023, wakakiri inanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya watu inayaita ya mashine, na Julai mwaka huohuo wakaizima, wakisema usahihi wake ni mdogo. Chuo cha Vanderbilt nao walizima ditekta ya Turnitin Agosti 2023, na walivyopiga hesabu ndivyo nataka na nyie mpige. Turnitin ilikuwa inadai inakosea chini ya asilimia 1. Vanderbilt mwaka 2022 walikuwa wamepitisha kazi 75,000. Asilimia 1 ya hizo ni 750. Kazi 750 za mwaka mmoja, chuo kimoja, zinazoweza kuitwa za mashine wakati wenyewe hawajafanya kitu, na hapo ni kwa madai ya muuzaji mwenyewe.

Kuna walimu watasema, mimi sihitaji ditekta, nikisoma tu najua. Huko Uingereza Chuo cha Reading walijaribu hilo, wakaingiza kwa siri majibu ya AI kwenye mitihani halisi ya kufanyia nyumbani, wasahihishaji hawakuambiwa, na utafiti ulipotoka 2024 ikaonekana asilimia 94 ya hayo majibu hayakugundulika. Na wale wa "ngoja niiulize ChatGPT kama ndio imeandika", acheni kabisa, kuna mwalimu wa chuo huko Texas alifanya hivo Mei 2023, ikamjibu ndio, akazuia matokeo ya wanafunzi wake na dunia nzima ikasikia. ChatGPT haina kumbukumbu ya kilichoandikwa kwenye simu ya mtu mwingine, inakujibu chochote kinachofanana na jibu.

Sasa niwape ya karibu. Nina binti mmoja nilimsaidia, jina nalihifadhi, aliomba ufadhili kwenye taasisi moja ya nje. Esei yake ilikuwa kuhusu daftari la madeni la genge la mama yake. Alieleza jinsi mama asivyojua kusoma vizuri kwaiyo yeye tangu darasa la nne ndiye aliyekuwa anaandika nani kachukua nini, na kwamba mama hakutaka aandike majina ya watu kwa sababu jirani akiona jina lake kwenye daftari la deni ataona aibu, kwaiyo walibuni alama, mwenye baiskeli anachorewa duara mbili, mama pacha anawekewa vijiti viwili. Kutoka hapo akaingia kwenye takwimu, kwamba anataka kusoma takwimu za afya. Niliposoma ile sehemu ya alama nilimwambia usiguse hata nukta. Ila aya ya mwanzo na ya mwisho zilikuwa ni zile za shule, I am a hardworking and disciplined student, mnazijua.

Ikarudi imeili kwamba esei yake imeonekana kuwa na zaidi ya asilimia 80 ya AI na maombi yake yamesitishwa, ajieleze. Tukasema haina shida, tuonyeshe historia ya faili. Tukafungua, na hapo ndio nikaona tatizo ambalo wale wa kule hata hawalifikirii. Yule binti aliandika kwa peni kwenye kaunta buku, nyumbani hakuna laptopu, alafu akaenda steshenari, jamaa wa steshenari akamchapia yote kwa mkupuo mmoja. Kwaiyo ukiangalia historia ya faili unaona esei nzima imetokea mara moja, haina kufuta, haina kurudi nyuma, kwenye kompyuta ambayo sio yake. Kwa mtu wa ofisini ulaya hiyo ndiyo sura ya mtu aliyekopi na kupesti kutoka ChatGPT. Kwetu ni maisha ya kawaida.

Kilichomsaidia ni ile kaunta buku. Alikuwa hajaitupa. Kurasa zimekatwa katwa, kuna mahali ameandika sentensi kwa Kiswahili kwanza pembeni alafu akaigeuza, kuna doa la mafuta. Tukapiga picha kurasa zote tukatuma, na tukaomba wamfanyie usaili wa video. Wakakubali. Walimuuliza kuhusu zile alama za daftari, akawachorea kwenye karatasi akaionyesha kwenye kamera. Wakaifuta ile tuhuma ya udanganyifu. Lakini imechukua wiki kadhaa, mtoto halali, mama anauliza umeiba nini, na mimi najiuliza wangapi wamepata imeili kama ile na hawakuwa na mwalimu wa kumpigia simu, wakanyamaza tu wakaonekana wamekiri.

Kwaiyo vijana, nisikilizeni. Kwanza, usimpe AI ikuandikie, na sisemi hivi kwa sababu ya ditekta. Mnajua miaka yote hii kabla ya AI kuna vijana wenzenu pale Nairobi, wasomi wazuri tu, walikuwa wanalipwa kuwaandikia esei wanafunzi wa Marekani na Uingereza, ilikuwa biashara kubwa mpaka England ikapitisha sheria 2022 ya kuipiga marufuku kwao. Uongo wa kuandikiwa ni wa zamani, na waliofaidi zaidi siku zote ni wenye hela, hata leo mtoto wa tajiri ana mshauri wa kulipwa anayemkalia pembeni sentensi kwa sentensi na hakuna ditekta ya huyo. Wewe ulichonacho ni kile ambacho hakuna mtu mwingine anakijua. Mashine haiwezi kujua kuhusu duara mbili za mwenye baiskeli. Ukiipa AI ikuandikie, kitu cha kwanza itakachotupa ni hicho, itaweka resilience na passion for making a difference, na hapo hata bila ditekta umeshapotea kwenye rundo.

Kutumia AI kujielewesha swali, kurekebisha tahajia, kukuuliza maswali ujipime, hilo linategemea unaomba wapi, na ni wajibu wako kusoma kanuni ya kila mahali, usichukue ya huku ukaipeleka kule. UCAS kwa mfano hawana shida ukiitumia kupata mawazo au kupanga muundo, ila kuichukua esei yote au sehemu kubwa kutoka kwa AI ukaiwasilisha kama yako, hiyo wanaihesabu ni udanganyifu. Kwingine wanakataza kabisa. Kama fomu inakuuliza umetumia AI au hapana, sema kweli.

Pili, na hili wazazi mnisaidie, msitupe madaftari. Andika tarehe juu ya kila drafti, piga picha kwa simu siku hiyohiyo, picha inabaki na tarehe yake. Ukiweza kuchapa mwenyewe chapa kwenye Google Docs hata kwa simu, bando kidogo tu linatosha, historia inajihifadhi yenyewe. Ukienda steshenari mwambie jamaa chapa kama ilivyo, na kabla hujalipa soma neno kwa neno, maana wapo wanaokusaidia bila kuombwa, "nimekunyooshea dogo", kumbe ameipitisha kwenye ChatGPT na wewe hujui, unaenda kuapa kwamba ni yako na sio yako tena.

Na zile programu za kuficha AI, za kuifanya esei ionekane ya binadamu, achaneni nazo. Zinabadilisha maneno yako mazuri kuwa maneno ya ajabu ajabu, na ukiulizwa kwenye usaili neno hili ulimaanisha nini unabaki unatoa macho. Wala usiweke makosa ya makusudi. Andika Kiingereza chako kizuri kwa kadiri ulivyokijua, ila zile aya za mwanzo na mwisho za shule zitoe, ingia moja kwa moja kwenye kitu chenyewe.

Naona hapa kuna wenzetu wanaokaa kwenye kamati za ufadhili za hapa nyumbani, na najua baadhi mmeanza kutumia ditekta za bure za mtandaoni. Nawaomba kwa heshima. Mtoto ameandika humo kuhusu ugonjwa wa baba yake, wewe unaipesti kwenye tovuti ambayo hujui mmiliki wake ni nani wala inaipeleka wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, haya mambo yana utaratibu. Mkiwa na wasiwasi na esei, mwiteni mtoto mumkalishe nusu saa na karatasi aandike aya mbili mbele yenu, au mpigieni simu mumuulize kuhusu alichoandika. Kama ana IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza, kuna alama ya uandishi aliyopata chumba cha mtihani, na Duolingo English Test, mtihani wa Kiingereza wa mtandaoni, inawapa vyuo sampuli ya mtoto akiandika na akiongea. Njia zipo na hazina gharama kubwa, zinahitaji tu mtu akubali kumsikiliza mwombaji kabla ya kumwandika muongo. Na kama lazima mtumie ditekta, basi muwaambie waombaji mapema kwenye tangazo, na muweke sehemu ya kukata rufaa yenye jina la mtu na namba ya simu, sio imeili isiyojibiwa.

La mwisho kwa vijana. Ukipata hiyo imeili ya kutuhumiwa, usinyamaze, na usijibu usiku ukiwa na hasira. Soma umepewa siku ngapi. Asubuhi jibu kwa ufupi, waulize wametumia programu gani na ni kanuni yao ipi wanasema umeivunja, ambatanisha picha za drafti zako, eleza kama umeandika kwa mkono na kuchapiwa steshenari kwa sababu hawalijui hilo, na omba usaili. Mwambie mwalimu aliyekuandikia barua naye awaandikie, barua ya mwalimu aliyekuona ukiandika ina uzito. Sisi walimu tusikatae kwa kuogopa kujiingiza, kama ulimuona mtoto akihangaika na ile esei, sema uliona.

Mliokuja na drafti zenu leo leteni pale meza ya mbele, nipo mpaka saa kumi, tutazipitia moja moja, na ambao mmeshapata zile imeili mje kwanza, muda wenu wa kujibu ni mfupi.